Mlango Ambao Sikuuchora

Mtu aliyenifundisha kazi hakuniruhusu kugusa penseli kabla sijamaliza kahawa. Si kahawa ya kunywa. Kwetu Kagera kahawa hutafunwa pia: matunda yake huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakaanikwa, kisha mgeni akija anawekewa machache kiganjani hata kabla hajaulizwa kilichomleta. Bosi wangu aliyaweka kwenye kopo la maziwa juu ya meza yetu pale Bukoba, katika chumba kimoja karibu na soko ambacho mvua ikinyesha kilinuka wino na karatasi mbichi.

Kazi yetu ilikuwa kupanga taarifa ili watu wazielewe. Mabango, vipeperushi, chati za ukutani, ramani za kuonyesha njia. Yeye mwenyewe alianza ujanani kwa kuchora michoro ya mafunzo ya kahawa na migomba kule Maruku, na alikuwa ameshaona michoro mingi mizuri ambayo haikumsaidia mkulima hata mmoja. Kwa hiyo mteja akishaondoka, bosi alinihesabia punje kumi mkononi na kusema, "Kaa." Nilikaa. Tulitafuna. Swali lake lilikuwa lile lile siku zote: nani atasimama mbele ya kitu hiki, na amekuja anatafuta nini?

Nilimwona ananichelewesha. Nilikuwa nimetoka chuoni na kompyuta yangu, najua rangi, najua herufi, mikono inawasha. Mara ya kwanza tulipopewa bango la kituo cha afya, nilikuwa na mchoro tayari kabla punje ya tatu haijaisha: vyumba vyote kwa namba, moja hadi tisa, vimepangwa vizuri kwa rangi ya bluu. Bosi hakuutazama. Alinipeleka kukaa kwenye benchi la kituo asubuhi nzima. Nikawaona akina mama wakiingia na mtoto mgongoni, kadi mkononi, na wote waliuliza kitu kimoja: "Naanzia wapi?" Hakuna aliyeuliza chumba namba saba kiko wapi. Tuliporudi tulichora bango lenye hatua, ya kwanza nini, ya pili nini, na namba za vyumba tukaziweka ndogo pembeni.

Tangu siku ile nikawa muumini. Bosi alipozeeka akarudi kwao, aliniachia chumba, meza na lile kopo. Nikawafundisha wengine kwa ukali kuliko alivyonifundisha yeye. Vijana waliokuja kujifunza kwangu walinong'onezana kwamba mama huyu anataka tutafune kahawa badala ya kufanya kazi. Niliwasikia, na nilifurahi. Nilikuwa najiona mtu niliyekwisha kulielewa somo.

Halafu baba yangu akafariki, na kazi ikaja nyumbani.

Kwetu ni mwendo mfupi kutoka Nshamba, wilaya ya Muleba. Tuna kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kama walivyo nacho majirani zetu wote. Ndani ya kibanja ndimo wanamolala wazee wetu waliotangulia, baba na mama wakiwa wa mwisho, upande wa kulia wa nyumba kubwa. Baba alikuwa ameacha maneno mbele ya mashahidi: nusu ya juu yenye nyumba iende kwa kaka yangu, ambaye ndiye mrithi wake mkuu, na nusu ya chini, kuelekea chemchemi, niipate mimi. Mimi, binti. Baba mdogo hakulipenda jambo hilo, lakini maneno ya marehemu yalisikiwa na watu wengi kiasi kwamba hakuweza kuyazungusha.

Mwaka mmoja baada ya msiba, ukoo ulikaa, ikaamuliwa tuombe hati ya kimila kijijini. Ofisi ilitaka mchoro wa kibanja. Wote wakanigeukia. "Huyu si ndiye fundi wa ramani?" alisema baba mdogo, na hata yeye alisema kwa majivuno.

Nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nakwenda kulichora jina langu kwenye ardhi ya baba yangu. Sikutafuna punje hata moja. Nimtafute nani atakayesimama mbele ya ramani hii, na anatafuta nini, wakati ni kwetu? Nimezaliwa pale. Ningeweza kukichora kile kibanja nikiwa nimefumba macho.

Nilichukua siku mbili na tepu ya kupimia. Mipaka ilikuwa rahisi kuifuata, maana kwetu mpaka huonyeshwa kwa mmea unaoitwa mulamula, wenye majani marefu na shina gumu. Hauliwi na mbuzi, haufi kwa ukame, na ukikatwa unachipua. Hupandwa mbele ya majirani, na ukishapandwa hakuna anayethubutu kuung'oa. Nilipita kutoka mulamula hadi mulamula, nikiandika vipimo. Kaka, ambaye anafanya kazi Mwanza, alinipigia simu kuniambia nisisahau ukuta. Alitaka kujenga ukuta wa matofali kati ya nusu yake na yangu, kwa sababu mikungu ilikuwa inaibiwa, na mbuzi wa watu walikuwa wanaingia. Sikuona ubaya. Nilimwambia nitauchora kwa mistari miwili, upendeze.

Nyuma ya jiko kuna nyumba ndogo ya vyumba viwili. Hapo ndipo shangazi anaishi. Ni dada mkubwa wa baba. Aliolewa upande wa Bukoba Vijijini akiwa msichana, hakujaliwa mtoto, na baada ya miaka kadhaa akarudi nyumbani na sanduku moja. Baba alimpokea, akamjengea. Mama yangu alikuwa muuguzi hospitali ya Rubya, wiki nyingi zamu zilimkalia vibaya, kwa hiyo aliyetuogesha, aliyetubeba, aliyetuchapa na aliyetuficha tusichapwe na baba alikuwa shangazi. Mkono wangu wa kushoto una kovu la moto, na ni yeye aliyelipaka asali mpaka likapona.

Sasa chumba kimoja cha nyumba ile kina magunia ya maharage na majembe, na mlango wake unatazama jiko. Chumba cha pili, anacholala yeye, mlango wake uko nyuma, unatazama kwenye chemchemi. Nilipima kuta kwa nje. Nilitazama mlango ulio mbele yangu, nikaona magunia. Kwenye orodha yangu ya alama nilikuwa na vitu sita: nyumba, jiko, stoo, migomba, kahawa, makaburi. Kila jengo lilihitaji neno moja. Nikaandika "Stoo".

Nilijua analala pale. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Si kwamba sikujua. Nilikuwa na orodha ya vitu, na mtu anayeishi mahali bila kupamiliki hakuwa na alama kwenye orodha yangu, basi mkono ukaandika kilichokuwepo kwenye orodha.

Ramani ilitoka nzuri sana. Niliichapisha Bukoba kwenye karatasi kubwa, nikaikunja kwa uangalifu, nikaenda nayo nyumbani Jumapili ambayo kaka alikuwa amekuja. Baada ya ibada tulikaa sebuleni, kaka, baba mdogo na mimi, na majirani wawili waliokuwa mashahidi wa mipaka. Niliibandika ukutani. Kijani kwa migomba, kahawia kwa kahawa. Nusu ya kaka na nusu yangu, na ukuta katikati. Wakasimama wote.

"Wakola, waitu," alisema baba mdogo, akinishukuru kwa adabu ambayo hakuwahi kunipa tangu nizaliwe. Nilivimba kichwa.

Shangazi aliingia na kisahani cha kahawa ya kutafuna. Alimpa kila mtu kiganjani, wakubwa kwanza. Kisha akasogea ukutani. Shangazi hasomi sana, lakini si mtu wa kudanganywa na karatasi. Alitazama makaburi, akatikisa kichwa kukubali. Alitazama nyumba kubwa, akakubali. Kidole chake kikashuka nyuma ya jiko, kikasimama.

"Mimi niko wapi?" aliuliza.

Nikasema haraka haraka, "Hapo hapo, shangazi, ulipogusa."

"Hapa pameandikwa nini?"

Jirani mmoja, ambaye Mungu amsamehe kwa kujua kusoma, akasoma kwa sauti: "Stoo."

Baba mdogo alicheka kidogo, akasema mambo hayo ni madogo, hati ni ya mipaka, na shangazi yupo tu, nani atamwondoa. Yupo tu. Shangazi alichukua kisahani chake, akatoka. Nilimgeukia baba mdogo nikamwambia maneno makali ambayo sikuyapima, kaka akanituliza, kikao kikavunjika vibaya. Tulikubaliana tu kwamba baada ya wiki mbili tutakutana tena, na siku ya pili yake karatasi iende kijijini kugongwa muhuri.

Njia nzima ya kurudi Bukoba nilimkasirikia baba mdogo. Nilipofika Kemondo hasira ilikuwa imehamia kwa jirani aliyesoma. Nilipofungua chumba changu na kuona kopo la bosi juu ya meza, sikuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia. Nililia pale pale, nimekaa kwenye kiti cha wateja.

Kesho yake nilihesabu punje kumi, nikakaa. Nani atasimama mbele ya ramani hii, na anatafuta nini? Shangazi. Ana zaidi ya miaka sabini, hana mtoto, kaka yake aliyempokea ameshazikwa. Anatafuta nini? Nilijiona nimepata. Mwanamke aliyerudi nyumbani, kwetu, hakuna anayetaja mapema atalazwa wapi siku yake ikifika. Watu husubiri, kisha hubishana mbele ya jeneza. Nikasema, shangazi anaogopa hilo. Nilirudia mchoro. Nilifuta "Stoo" nikaandika "Nyumba ya shangazi", na kando ya kaburi la baba nikachora mstatili mtupu kwa mistari ya vitone. Nilichagua rangi yake taratibu. Nilijisikia mtu mwema.

Jumamosi nilikwenda mwenyewe bila kumwambia mtu. Nilimkuta anamenya ebitoke, ndizi za mchana, amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wake wa nyuma. Nilimtandikia karatasi magotini, nikamwonyesha ule mstatili, nikamweleza kwa sauti ya chini.

Aliutazama. Kisha akaanza kucheka, na kucheka kwenyewe kukageuka kuwa hasira.

"Mawe!" Alimwita mama yake kwa Kihaya, kama tufanyavyo tukishtuka. "Mwana wange, umeshanizika?"

"Hapana, shangazi, nilidhani..."

"Nikifa sihitaji karatasi. Mtanibeba, mtaniweka mnapotaka, mimi nitajuaje? Mimi nimekuuliza niko wapi, nikiwa hai. Wewe unanipeleka kaburini."

Akaweka kisu chini, akanyoosha mkono mbele yake, hatua nne tu kutoka tulipokaa. "Ukuta wa kaka yako unapita hapo. Nilimsikia fundi ujenzi akimwonyesha. Haya, mimi kesho asubuhi natokaje?"

Nilitazama. Ni kweli kabisa. Mlango wake ulikuwa unafungukia kwenye mistari yangu miwili iliyopendeza. Ng'ambo ya ukuta, kwenye nusu yangu, kulikuwa na chemchemi, shamba lake dogo la maharage na njia ya kwenda rweya, yaani ile nchi ya majani matupu nje ya vibanja, ambako hukata majani ya kutandaza kwenye migomba. Ukuta ukijengwa atalazimika kuzunguka mbele ya nyumba, atoke barabarani, ashuke mteremko ule wa mawe na ndoo kichwani, aingie kwangu kwa upande wa chini. Kila siku, kwa magoti yake yale. Na wala asingelalamika. Angeacha kidogo kidogo kwenda, angesubiri kuletewa maji, na mwisho angekuwa kweli kitu kilichowekwa stoo.

Niliona aibu mara mbili. Mara ya kwanza sikuuliza. Mara ya pili niliuliza, lakini nikajijibu mwenyewe mezani Bukoba, nikaliita jibu langu huruma.

"Nionyeshe," nilimwambia. "Nionyeshe unavyopita."

"Leo?"

"Leo. Fanya kazi zako zote, mimi nitakufuata."

Aliniona kama nimechanganyikiwa, lakini alikubali. Nilimfuata na penseli na daftari, bila tepu. Tulianza na maji. Hasemi kaskazini wala kusini, anasema upande wa chemchemi, upande wa rweya, upande wa kanisa. Njia yake haikunyooka. Iliuzunguka mgomba alioupanda mama yangu, kwa sababu miaka hiyo ulikuwa na watoto wengi, yaani machipukizi, na hakutaka kuyakanyaga, na ingawa mgomba ule wa kwanza ulishakatwa zamani, njia imebaki imejikunja. Kuna jiwe anapotua ndoo. Kuna mahali anashika shina la mti wa kahawa ili asiteleze, na shina limelainika pale mkono unapolishika. Nililishika na mimi.

Kutoka rweya alileta mzigo wa majani, akayatandaza, nusu kwa kaka, nusu kwangu, bila kujali kwamba kuna nusu. Mavi ya ng'ombe wa jirani aliyabeba kwenye karai akayaweka kwenye mashina manne, mawili juu, mawili chini. Kibanja ambacho mimi na kaka tulikuwa tunakigawa kwa rangi kilikuwa hai kwa sababu mtu mmoja anakivuka kila siku. Nilikuwa nimechora mipaka yote na sikuchora kinachokilisha.

Jioni kabla sijaondoka tulikaa mlangoni kwake, akanipa kahawa kiganjani. Sikuzihesabu punje. Nilipomaliza ndipo nilipoijua ramani, na haikuwa bado na mstari hata mmoja. Ilikuwa mtu anatoka mlangoni anakwenda kuchota maji. Basi.

Mchoro wa tatu niliuchora kwa mkono. Haukuwa mzuri kama wa kwanza, nakiri, na moyo wa fundi uliniuma kidogo. Mlango wa nyuma niliuweka chini kabisa, karibu na msomaji, na njia ikapanda kutoka hapo kwa mstari mnene, na mikunjo yake yote. Mipaka niliiweka kwa vipimo vyake kamili, maana ofisi inaitaka, lakini kwa mistari myembamba. Ukuta niliuacha pale pale alipoutaka kaka. Barabara ya kuzunguka niliichora kwa urefu wake wa kweli, mpaka ikatoka nje ya karatasi upande mmoja na kurudi upande wa pili.

Siku ya kikao sikubandika kitu ukutani. Niliitandika karatasi chini kwenye mkeka, wakubwa wakalazimika kuinama. Baba mdogo alikunja uso.

"Hii nini? Ramani ni mipaka. Umeleta mchoro wa watoto."

Nilitaka kumjibu, jibu lilishafika mdomoni. Nikalimeza. Nilimwambia kaka apige magoti aweke kidole kwenye mlango ule wa chini.

"Ni asubuhi," nikasema. "Umeamka. Nenda kachote maji."

Kaka alinitazama, akatabasamu, akadhani ni mchezo. Kidole kikaanza kufuata njia. Kilitembea kidogo sana, kikafika kwenye ukuta, kikasimama. Akajaribu kulia, akajaribu kushoto. Akarudi mbele ya nyumba, akashika barabara, kidole kikaenda, kikaenda, kikatoka nje ya karatasi kwenye mkeka. Akakiacha hapo.

"Huu ni mlango wa nani?" aliuliza, ingawa alikuwa anajua.

Shangazi alikuwa amesimama na kisahani chake.

"Weka geti," alisema baba mdogo, kwa sauti ya mtu aliyemaliza shauri.

"Geti lina ufunguo," alisema shangazi, "na ufunguo utakuwa Mwanza."

Jirani yule aliyesoma neno "Stoo" akacheka, nami nikamsamehe. Kaka hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti. "Kwani shangazi, unapita pale kila siku?"

"Wewe umepasahau?" alimwambia, taratibu, bila ukali wowote. "Ndipo nilipokuwa nakupitisha mgongoni. Ulikuwa hutaki kuoga mpaka twende chemchemini."

Kaka yangu ni mtu mzima, ana mvi, ana watu anaowaongoza kazini. Aliinamisha kichwa juu ya ile karatasi na mabega yakaanza kumtetemeka, na sote tulitazama pembeni ili tumpe nafasi. Aliposimama alisema ukuta ujengwe upande wa barabara tu, ambako wezi ndiko wanakoingilia, na upande huu pabaki kama palivyo.

Nilidhani imekwisha. Nilishaanza kukunja karatasi. Baba mdogo ndiye aliyesema hapana, na nikajiandaa kwa ugomvi.

"Kaka yako atakufa, na wewe utakufa," aliniambia. "Watoto wenu watasema njia gani? Karatasi inaliwa na mchwa." Akavua koti lake la kanisani, akaomba panga.

Tulitoka sote. Alikata vipande vinne vya mulamula kutoka kwenye mpaka wa zamani, akavichonga chini. Pale ambapo ukuta ungepita, hatua nne kutoka mlango wa nyuma, akachimba yeye mwenyewe, na hakukubali kaka amsaidie. Viwili upande huu wa njia, viwili upande ule. Majirani walisimama kushuhudia, kama desturi ilivyo. Nilimtazama mzee yule akishindilia udongo kwa kisigino cha kiatu chake kizuri, na nikajua kwamba watu wetu walikuwa wanaifanya kazi yangu muda mrefu kabla sijapewa kompyuta. Walijiuliza kwanza nani atapita hapa na atahitaji kujua nini, kisha wakaliandika jibu kwa mmea usiokufa. Nilikuwa nimepita kati ya mimea ile kwa siku mbili na tepu, nikaihesabu tu.

Shangazi aliingia chumbani kwake. Akatoka na ndoo. Maji yalikuwepo tele, nilikuwa nimeyaona kwenye mtungi asubuhi ile, lakini hakuna aliyemzuia. Alipita katikati ya mulamula mipya bila kuitazama, akauzunguka mgomba wa mama, akapotea kwenye majani. Tulisimama tukimsubiri, watu wazima watano. Tukamsikia akitua ndoo kwenye jiwe, kisha akiinyanyua tena.

Alirudi, maji yanamdondoka shingoni. Akaitua ndoo mbele ya mlango wake, akajifuta uso kwa khanga, akanitazama mimi.

"Sasa andika," alisema.

Nilifungua karatasi kwenye goti. Kwenye lile jengo dogo sikuwa nimeandika neno lolote, safari hii niliogopa. "Niandike nini, shangazi?"

"Unachokiona."

Nikaandika "Mlango". Karatasi ilikuwa bado gotini, neno likakaa upande, na liko hivyo hivyo kwenye nakala iliyogongwa muhuri kijijini.